Nifunge wapi kituo cha hali ya hewa cha nyumbani: juu ya paa la mabati au bustanini?

Mkulima wa Tengeru

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naishi Tengeru, kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru, mahali penye mwinuko wa mita 1,250 hivi, na nalima mboga na migomba katika shamba la ekari moja ambamo nyumba yangu nayo imo. Mdogo wangu ameniletea zawadi ya kituo kidogo cha hali ya hewa, cha aina ile ambayo vihisi vyote vimeunganishwa mwili mmoja: vikombe vitatu vya kupimia kasi ya upepo, mkia wa kuonesha upepo unakotoka, kipima mvua, kipimajoto na kipima unyevu vilivyofichwa ndani ya visahani vyeupe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, pamoja na paneli ndogo ya sola. Vipimo hurushwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye skrini iliyo sebuleni.

Ninachokihitaji hasa ni mvua. Huku kwetu mvua inaweza kunyesha ng'ambo ya korongo ikajaza mifereji, na kwangu lisidondoke hata tone, kwa hiyo taarifa ya mkoa mzima hainisaidii kuamua jambo la shambani. Zamu yangu ya maji ya mfereji huja mara moja kwa juma. Ningependa, mvua inapokuwa imetosha, nimwachie jirani zamu ile bila kubahatisha, na inapokuwa haikutosha nisidanganywe na udongo uliolowa juu juu.

Kwa sasa nimekifunga kwenye nguzo ya mnara wa tangi la maji, karibu na ukuta wa jiko, nami sina raha na kinachoonekana kwenye skrini. Juzi saa 8 mchana kilionesha nyuzi 34, wakati kipimajoto cha kawaida nilichokitundika kivulini chini ya mparachichi kilisoma 28. Mvua ya Jumanne kilisema ni milimita 11, ilhali jirani aliyekuwa ameacha kopo bustanini kwake alipima maji kwa rula akapata 17. Na kila alasiri, hata siku ya jua kali, skrini huchora wingu lenye matone, kana kwamba mvua iko njiani.

Fundi anayetufungia antena anashauri bomba lisimamishwe juu ya paa, lipite mabati kwa mita 2, kwa sababu huko juu hakuna kinachokinga. Nyumba ina mita 5 hadi kileleni mwa paa. Mparachichi ulio upande wa mashariki una mita 9 hivi. Kaskazini ni migomba. Na kusini-magharibi, mita 25 kutoka nyumbani, kuna bustani ya mboga iliyo wazi. Kijitabu cha maelekezo kinasema paneli ya sola itazame kusini. Je, nimfuate fundi? Kimo kinachofaa ni kipi? Na hiyo kusini ya kijitabu inatuhusu sisi wa huku?

Mpima Mvua, Morogoro

Ndugu Mkulima, salaam. Nilisoma vipima mvua kila asubuhi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimefurahi kwamba umeanza kwa kueleza unachokihitaji, kwa maana hicho ndicho kinachoamua mahali pa kufunga. Fundi wako hajakosea kuhusu upepo. Tatizo ni kwamba mahali panapoufaa upepo hapaifai mvua wala joto. Upepo hutaka kimo, na ndiyo sababu Shirika la Hali ya Hewa Duniani huagiza upimwe mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi. Joto hutaka kupimwa kati ya mita 1.25 na mita 2 juu ya majani mafupi, mbali na kuta, zege na mabati. Mvua hutaka mahali pa chini na palipotulia, pasipo na upepo mkali wa kuyapeperusha matone yapite juu ya mdomo wa chombo. Kifaa chako kimevibeba vyote juu ya nguzo moja, basi huna budi kuchagua ni kipi kipewe haki yake kwanza.

Paani ungepoteza viwili unavyovihitaji zaidi. Mabati yakishapigwa na jua la mchana huipasha moto hewa iliyo juu yake, na visahani vile vyeupe havina uwezo wa kuizuia hewa ambayo imekwisha kupata joto kabla ya kuvifikia. Upepo nao, ukipanda ukuta na kuruka kilele cha paa, huongeza kasi na kuyabeba matone, hasa yale madogo ya manyunyu, yakapita bila kuingia. Mvua inayopimwa paani kwa kawaida huwa pungufu, na upungufu wenyewe hubadilika siku kwa siku kufuatana na nguvu ya upepo, kwa hiyo huwezi hata kuusahihisha kwa kuongeza kiasi kimoja kila siku.

Pale kwenye mnara wa tangi shida ni ya namna nyingine. Tangi na ukuta vinakinga mvua inayokuja kwa mshazari, na ukuta wa jiko unarudisha joto. Kanuni tuliyoifuata kazini ni kwamba kipima mvua kikae mbali na kila kizuizi kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho, na ikiwezekana mara nne. Kwa nyumba yako ya mita 5, hiyo ni mita 10 au zaidi. Kwa mparachichi wa mita 9, ni 18, na 36 ikipatikana ni heri. Bustani yako ya kusini-magharibi inatimiza masharti hayo. Angalia migomba tu: usiipime ilivyo leo, ipime itakavyokuwa ikishazaa.

Kwa upepo, kanuni hudai umbali wa mara kumi. Mparachichi peke yake ungedai mita 90, na ekari moja yenye umbo la mraba haina zaidi ya mita 64 kila upande, kwa hiyo usihangaike. Tena kwa mkulima kuna jambo jema hapa. Njia ya kukadiria mahitaji ya maji ya mimea iliyochapishwa na FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1998, ambayo wataalamu wa umwagiliaji huitumia hadi leo, hutumia kasi ya upepo kwenye kimo cha mita 2, si 10. Anayepima kwenye mita 10 hulazimika kuzidisha kipimo chake kwa 0.75 hivi ili akishushe. Nguzo fupi bustanini ndiyo desturi ya vituo vya kilimo.

Basi chukua bomba la chuma la GI, lile lililopakwa zinki lisishike kutu, lenye urefu wa mita 2.6, chimba shimo la sentimita 60, limwagie zege, na mita 2 zibaki juu. Bomba lina faida kuliko mti, maana mti mbichi hujipinda unapokauka na mchwa hawauachi. Kabla zege haijashika, weka pimamaji kwenye bomba kwa pande mbili zinazokatana, kisha ukishafunga kifaa iweke tena juu ya mdomo wa kipima mvua wenyewe. Sababu iko ndani: chini ya faneli kuna kijiko pacha kinachocheza kama pembea ya watoto, upande mmoja ukijaa unashuka na kumwaga, mwingine unapanda kupokea, na kila mpinduko huhesabiwa kuwa ni sehemu ndogo ya milimita, mara nyingi 0.2. Kifaa kikiinama, upande mmoja hupinduka kabla ya wakati wake na mwingine huchelewa, na hapo hesabu yote imeharibika ingawa kwa macho kila kitu kinaonekana sawa. Siku tatu baadaye, zege ikishakauka, rudia kupima. Chini ya nguzo acha majani mafupi, na hakikisha maji ya kumwagilia hayarukii kifaa.

Kuhusu nyuzi 34: fanya jaribio jepesi. Linganisha vipimajoto vyako viwili saa 2 usiku. Vikikaribiana, kihisi ni kizima na mahali ndipo pabaya. Lakini usiuamini mno ule mparachichi, kwa kuwa chini ya mti nako si mahali pa kupimia; ukweli wa saa ile yawezekana ulikuwa katikati.

Lile wingu la kila alasiri halina uhusiano na kasoro yoyote. Katika nchi zetu za ukanda wa joto, mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu usiokoma: hufika juu karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hushuka karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, kwa tofauti ya hektopaskali 2 au 3. Picha za skrini kwa kawaida zimetungwa kwa ajili ya nchi kama zile za Ulaya, ambako mgandamizo ukishuka mvua huwa inakaribia. Kifaa kinaona mshuko wetu wa kila alasiri na kuudhania dalili ya mvua. Zipuuze picha hizo, zitazame namba. Vilevile usishtuke ukiona mgandamizo wa 870 hivi. Ndivyo ulivyo kwenye mwinuko wa mita 1,250. Ukitaka ulingane na ule unaotangazwa kwa usawa wa bahari, ingiza mwinuko wako sahihi katika mipangilio, ukijua kwamba kila mita 10 za makosa huleta takriban hektopaskali 1 ya makosa.

Na kuhusu kusini, kijitabu kimeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Tengeru iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini kwako, kwenye kimo cha nyuzi 63 hivi. Desemba liko kusini, kwenye nyuzi 70 hivi. Paneli itapata mwanga wa kutosha ikitazama upande wowote kati ya hiyo miwili. Jambo la hatari ni jingine: kifaa hutambua upande wa upepo kwa kufuata alama iliyo kwenye mwili wake. Ukigeuza paneli itazame kaskazini bila kubadilisha mpangilio wa nusudunia ya kusini kwenye skrini, upepo wa kaskazi utaandikwa kusi, na utajaza daftari zima kabla hujagundua.

Mvuvi wa Tanga

Naomba nimtetee fundi kidogo. Mimi nimekifunga changu juu ya paa, karibu na ufuko, kwa makusudi, kwa sababu kinachonipa riziki ni upepo. Nataka kujua kusi imeamkaje kabla ngalawa hazijashuka, na chini kati ya minazi na nyumba za watu hakuna upepo wa kupima. Joto ninaloliona kwenye skrini silitegemei, na mvua yake huiangalia kwa kutaka kujua imenyesha au haikunyesha, basi. Kwa hiyo namuunga mkono mzee wangu wa Morogoro: kila mtu na hitaji lake.

Nina moja la kuongeza kabla hujachimba shimo. Umbali wa redio unaoandikwa kwenye boksi ni wa uwanja mtupu, pasipo kitu kati ya kihisi na skrini. Ukuta wa matofali huupunguza, na mabati huukata kabisa au karibu na kabisa. Funga kifaa kwa muda kwenye mti mkavu pale bustanini, kikae siku nzima usiku na mchana, uone kama skrini inapoteza vipimo. Ikipoteza, hamisha skrini kwanza. Mara nyingi kuisogeza kutoka ukutani hadi dirishani kunatosha. Kwa walio karibu na bahari kama sisi, tumieni bolti za chuma kisichoshika kutu na mvioshe vikombe vya upepo kwa maji baridi kila mwezi, maana chumvi huganda kwenye ekseli, upepo mdogo ukashindwa kuvisukuma.

Mwalimu wa Jiografia, Kisii

Nawasalimu nyote. Shuleni kwetu tunacho kibanda cheupe cha Stevenson, yaani kisanduku cha kuwekea vipimajoto kivulini huku hewa ikipita, pamoja na kituo cha elektroniki kama hiki cha ndugu Mkulima, na kwa miaka minne wanafunzi wangu wamekuwa wakilinganisha vipimo vya pande zote mbili. Ningependa kuongezea mambo ambayo yalituchukua muda kuyaelewa.

La kwanza ni kukihakikisha kipima mvua chenyewe kabla ya kukilaumu au kukisifu. Pima kipenyo cha mdomo wake kwa rula. Changu kina sentimita 16, kwa hiyo eneo lake ni sentimita za mraba 201, na milimita 10 za mvua ni sawa na mililita 201 za maji. Wanafunzi hujaza kiasi hicho katika chupa ya plastiki iliyotobolewa kwa sindano kwenye kifuniko, wakaining'iniza juu ya faneli, maji yakadondoka tone kwa tone kwa muda usiopungua saa moja. Skrini ikisoma kati ya 9.5 na 10.5, huwa tunaridhika. Mara ya kwanza tuliyamwaga kwa pupa, ikasoma 8.6, nasi tukakidhania kibovu, kumbe maji yalikuwa yakipita wakati kijiko kikiwa bado kinapinduka. Jambo hilo hilo hutokea katika mvua ya kishindo: kifaa hupunguza.

Kwa sababu hiyo, ndugu Mkulima, usiliache kopo. Chombo chochote chenye kuta zilizonyooka, chenye mdomo na kitako vya upana mmoja, hukupa mvua moja kwa moja kwa rula. Kiinue tu mdomo wake ufike sentimita 30 kutoka ardhini, maana kopo lililokaa chini hurukiwa na matone yanayodunda kwenye udongo, na huenda zile 17 za jirani zilikuwa na nyongeza ya namna hiyo. Lisome kila siku saa 3 asubuhi kabla jua halijayapunguza maji.

Saa hiyo ina maana nyingine pia. Waangalizi wa mvua wa nchi zetu husoma saa 3 asubuhi, na kipimo chao kinajumlisha saa 24 zilizotangulia. Skrini yako huanza siku mpya saa 6 usiku. Mvua iliyonyesha saa 4 usiku wa kuamkia Jumanne, skrini huiandika Jumatatu, na mwangalizi huisoma Jumanne. Wanafunzi wangu waligombania tofauti hizi kwa muhula mzima, kila upande ukidai mwenzake amekosea, hadi binti mmoja wa kidato cha pili alipopanga vipimo kwa saa badala ya siku, na vyote vikakaa mahali pake.

La pili ni wadudu. Buibui hupenda sana tundu la faneli. Dalili yake ni kwamba mvua inanyesha nawe umelowa, lakini skrini inasoma sifuri, kisha saa nyingi baada ya kuanuka inaanza kuhesabu kidogo kidogo, maji yanapojipenyeza kwenye utando. Fungua, futa kwa kitambaa chenye maji, usitumie mafuta.

La tatu, na huku Kisii hatulichukulii kwa wepesi, ni radi. Bomba linalopita paa, lililofungwa pamoja na antena yenye waya unaoingia sebuleni, huiongezea nyumba hatari. Nguzo ya mita 2 bustanini isiyo na waya wa kuingia ndani ni afadhali kwa nyumba. Hata hivyo, ngurumo zikianza usiende kuigusa nguzo kwa sababu yoyote ile.

Mkulima wa Tengeru

Wazee wangu, mwalimu na ndugu wa Tanga, nawashukuru kwa dhati. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kuyatenda mliyonieleza.

Siku ya majaribio skrini ilipoteza vipimo mara mbili, nikagundua kwamba kati yake na bustani kulikuwa na stoo ya mabati; nimeihamishia dirisha la upande wa pili na tangu hapo haijakatika. Nguzo imesimama mita 27 kutoka nyumbani, na fundi mwenyewe ndiye aliyeshika pimamaji baada ya kumsomea maelezo ya kijiko pacha. Nilipokifungua kipima mvua kabla ya kukihamisha, nilikuta nyigu ameanza kujenga tope kando kabisa ya kijiko, kiasi kwamba upande mmoja haukuweza kushuka hadi mwisho. Bila shaka sehemu ya zile milimita zilizopotea Jumanne ile ilikuwa hapo. Nimelisafisha, nikapitisha maji ya chupa kwa saa moja na robo kama alivyoeleza mwalimu, na badala ya milimita 10 skrini ikasoma 9.8.

Joto la saa 8 mchana sasa halipiti 29 katika siku zinazofanana na ile ya nyuzi 34. Usiku vipimajoto vyote viwili hutofautiana kwa nusu nyuzi tu, hata wakati kile kingine kikiwa bado chini ya mparachichi.

Kopo nimelifunga kwenye kigingi kando ya nguzo, mdomo ukiwa sentimita 30 kutoka ardhini, na binti yangu hulisoma saa 3 asubuhi siku za Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine yuko shule, husoma mama yake. Jumamosi iliyopita, kwa mvua ya usiku kucha, kopo lilikuwa na milimita 23 na skrini, nilipojumlisha saa 24 hadi saa 3 asubuhi, ilikuwa na 22.4. Nilichimba kwenye tuta la karoti nikakuta unyevu umeshuka zaidi ya urefu wa kiganja, nikaenda kumwambia jirani afungulie maji yeye siku ya zamu yangu.